Maswali ya Wasomaji: Taka za bomu na sauti ya jirani

Toleo lililopita tuligusia viwanda vya Marekani vilivyotengeneza mabomu ya nyuklia na mabaki vilivyoyaacha ardhini. Barua zimekuja kutoka Pasco, Marekani, hadi Likasi, Kongo, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mkazi wa jirani ana nafasi gani katika usafi huo? Tumechagua sita.

*Tumeishi Pasco, jimbo la Washington, mwaka wa nne sasa tangu tutoke kambini. Imeletwa karatasi nyumbani inasema tunaweza kutoa maoni kuhusu usafi wa Hanford. Mume wangu anasema hayo ni ya wenye uraia, na hata hivyo wameshaamua. Ni kweli? (Mama M., Pasco)*

Mama M., la uraia si kweli. Anayetoa maoni haulizwi pasipoti wala kadi ya kura. Ila jua kwamba barua yako itaingia katika kumbukumbu za wazi pamoja na jina lako, kwa hiyo usiandike namba ya simu, habari za kesi ya uhamiaji wala za hospitali. Jina na mji vinatosha.

La kwamba wameshaamua lina ukweli nusu. Hanford ni kiwanda cha plutoniamu kilichoanzishwa 1943 kando ya mto Columbia, na plutoniamu ya bomu la Nagasaki ilitoka hapo. Tangu 15 Mei 1989 inasafishwa chini ya mkataba wa pande tatu: Wizara ya Nishati, ambayo ndiyo mwenye taka, Shirika la Mazingira la taifa, na Idara ya Ikolojia ya jimbo lenu. Karatasi ikikufikia, ndani ya mpango tayari kuna chaguo wanalolipendelea. Bado halijatiwa saini, lakini limeshakaa kitini.

Sheria ya usafi ya 1980 inapima kila chaguo kwa vigezo 9. Viwili ni mlango, na chaguo lisilopita hapo linatupwa: je, linalinda watu na mazingira, na je, linafuata sheria? Vitano ni mizani: litadumu muda gani, linapunguza sumu yenyewe au linaifunika tu, linahatarisha nani kazi ikiendelea, linatekelezeka, na linagharimu kiasi gani. Viwili vya mwisho ni kukubaliwa na jimbo na kukubaliwa na wananchi. Yaani kukubali kwenu ni kimoja kati ya 9, tena cha mkiani. Anayeandika "hatutaki, tusafishieni vizuri" amegusa hicho cha mkiani peke yake. Anayeonyesha kwamba hesabu ya hatari imemsahau mtu fulani amegonga mlango wenyewe, na hapo mhandisi lazima arudi kwenye kompyuta yake.

Sasa kazi yenyewe. Anza na tarehe ya mwisho. Mpango wa usafi chini ya sheria hiyo hupewa angalau siku 30, na vibali vya taka hatari kwa kawaida siku 45 au zaidi. Muda ukiwa haukutoshi, omba nyongeza kwa maandishi kabla haujaisha. Kwa mpango wa usafi, ombi lililofika kwa wakati huleta siku nyingine 30 au zaidi. Liombe wiki ya kwanza, maana linalofika siku ya mwisho huwapa watu kisingizio.

Kisha tafuta namba ya waraka, uiandike juu ya barua. Nyaraka zote zilizotumika kufikia uamuzi zimo katika faili la wazi, mtandaoni na katika mji wa Richland. Usianze kusoma ukurasa wa kwanza, utalala. Nenda kwenye jedwali linalolinganisha machaguo, halafu kwenye sehemu ya makisio: ardhi itatumika kwa nini baadaye, uzio utalindwa miaka mingapi, na mtu wanayempigia hesabu anakula nini. Hapo ndipo makosa hujificha. Wayakama, Waumatilla na Wanez Perce wana haki ya kuvua katika mto huo kwa mikataba ya 1855, na mtu anayekula samaki kila siku hawezi kuhesabiwa sawa na mtalii wa Jumamosi. Kama familia yenu inavua, au mnalima mchicha na kunywa maji ya kisima, andika kwa gramu na kwa lita.

Hoja moja, aya moja: ukurasa, waraka unasema nini, kimekosekana nini, unataka kibadilishwe nini. Mfano wa kubuni:

"Ukurasa wa 14, jedwali la 3. Mmekadiria mtu mzima anakula samaki wa mto mara mbili kwa mwezi. Nyumbani tuko watu saba, tunakula mara tatu kwa wiki, kama gramu 200 kwa mtu mzima. Naomba hesabu irudiwe kwa kiwango hicho na jibu lionyeshe tofauti."

Aya hiyo haiwezi kujibiwa kwa "asante kwa maoni yako". Barua zinazoanguka ni za aina tatu. Kuna ya kunakili, ambayo watu 50 wametuma maneno yale yale: hujumlishwa na kupewa jibu moja. Kuna ya kutaka viwanda vyote vya nyuklia vifungwe, ambayo hujibiwa kuwa iko nje ya mada. Na kuna iliyosemwa kwenye korido baada ya mkutano, ambayo haikuandikwa popote. Sema kwenye kipaza sauti au peleka maandishi.

Uamuzi ukitoka huja na majibu ya maoni. Tafuta lako. Likiwa limepotoshwa, lipeleke kwa Bodi ya Ushauri ya Hanford, iliyopo tangu 1994. Mikutano yake iko wazi na ina muda wa wananchi kusema. Kiingereza kikiwa kizito, iandikie Idara ya Ikolojia kuomba mkalimani au tafsiri, wiki mbili au zaidi kabla ya mkutano. Na mumeo aje pia.

*Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa nini Hanford inachukua miaka yote hiyo? Si wavute tu taka kutoka matangini? (Mwalimu, Dar es Salaam)*

Mwalimu, mle ndani si maji. Kuna matangi 177 chini ya ardhi yenye takriban lita milioni 212: tope zito chini, chumvi iliyoganda kama mwamba, na juu yake majimaji makali. Matangi 149 yana ukuta mmoja wa chuma. 67 yanajulikana au yanashukiwa kuvuja, na kama lita milioni 3.8 zimeingia ardhini. Yale 28 yenye kuta mbili yalijengwa kuwa kimbilio, lakini 2012 ilithibitika kwamba tangi la AY-102 limetoboka ukuta wa ndani. Ukirusha maji kulainisha tope katika tangi bovu, huenda unalisaidia kuvuja.

Mpango ni kuchanganya taka na viambato vya kioo na kuyeyusha kwenye takriban nyuzi 1,150 za Selsiasi, kisha kumimina katika mikebe ya chuma kisichoshika kutu. Kioo hakimumunyiki kirahisi, ndiyo sababu. Ujenzi wa kiwanda ulianza 2002, na kioo cha kwanza chenye taka za mionzi hafifu kilitoka Oktoba 2025. Mionzi mikali bado.

Ugomvi wa wananchi sasa uko kwenye saruji. Makubaliano yaliyokamilishwa Januari 2025 yanaruhusu taka za mionzi hafifu za matangi 22 zichanganywe na saruji badala ya kioo na kuzikwa nje ya jimbo. Ni rahisi na ni haraka. Wakazi wa njia zitakakopita wakauliza swali ambalo lilistahili kuwa la kwanza: zitasafirishwa zikiwa zimeshaganda, au zikiwa maji? Gari likipinduka, tofauti ya hayo mawili ni kubwa kuliko tofauti ya kioo na saruji.

*Nimesoma kwamba kijiji kimoja hapa Ohio kilikubali taka za urani zibaki palepale. Walihongwa? (Msomaji, Columbus)*

Hapana, walipiga hesabu. Unasema Fernald, karibu na Cincinnati, kiwanda kilichosafisha urani ya mabomu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi 1989. Mwaka 1984 ilijulikana kwamba vumbi la urani limetoroka kwenye vichujio na kwamba visima vya majirani vimechafuka. Lisa Crawford, mpangaji aliyekuwa akitumia maji ya mojawapo ya visima hivyo, aliongoza kikundi cha wakazi kiitwacho FRESH. Walishitaki, wakaleta wanahabari, wakajaza kumbi. Hasira ilifanya kazi yake, lakini haikuweza kujibu swali la udongo uende wapi.

Mwaka 1993 iliundwa kamati ya wananchi na kukabidhiwa maswali manne: eneo litumike kwa nini baadaye, lisafishwe hadi kiwango gani, taka ziende wapi, na kipi kitangulie. Wataalamu wakawatengenezea mchezo wa mezani, ramani ya eneo na vidude vya kuhamisha, kila kidude kikiwakilisha ujazo fulani wa taka, na gharama yake ikijulikana. Wajumbe wakakaa mezani na kuanza kusukuma vidude nje ya ramani.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Ukitaka udongo urudi kama ulivyoumbwa, bila urani ya ziada hata chembe, vidude vinaongezeka kupita kiasi: unachimba mashamba ya watu ambayo hayana hatari ya maana, na malori yanapita mbele ya shule miaka nenda miaka rudi. Halafu kila kidude kinachotoka kwenye ramani yako kinaangukia kwenye ramani ya mwingine, Nevada au Utah, ambaye hayumo chumbani. Katika ripoti ya Julai 1995 wakapendekeza kilicho kikali kiondoke, na sehemu kubwa ya udongo wenye uchafu mdogo izikwe palepale katika hifadhi iliyojengwa kwa tabaka za kuzuia maji.

Ndivyo ilivyofanyika. Usafi wa juu ya ardhi uliisha 2006 kwa dola bilioni 4.4. Hifadhi ina vyumba 8 na karibu mita za ujazo milioni 2.26 za taka, na pembeni yake leo kuna mabwawa na ndege. Maji ya ardhini yaliendelea kupampiwa na kuchujwa, shabaha ikiwa urani isizidi maikrogramu 30 kwa lita.

Jirani wa mahali kama hapo asichoke mapema. Taka zikibaki, sheria inataka ukaguzi kila miaka 5. Mwaka wa ukaguzi uliza mambo matatu: maji yanayokusanywa chini ya hifadhi yanaongezeka au yanapungua, mizizi au wanyama wanaochimba wameonekana juu ya kifuniko, na katazo la kuchimba kisima bado limeandikwa kwenye hati za ardhi. La tatu ndilo husahaulika. Ardhi ikiuzwa mara mbili, mnunuzi wa pili mara nyingi hajui kitu.

*Raia anabishanaje na mwanasayansi wa serikali kuhusu namba? (Mwanafunzi, Nairobi)*

Anaajiri mwanasayansi wake. Rocky Flats, Colorado, kilikuwa kiwanda cha viini vya plutoniamu vya mabomu. Mwaka 1996 wahusika waliweka kiwango cha udongo: plutoniamu ikizidi pikokyuri 651 kwa gramu, ndipo hatua ichukuliwe. (Pikokyuri na bekereli ni vipimo vya mionzi; pikokyuri moja ni bekereli 0.037, kwa hiyo hiyo ni kama bekereli 24 kwa gramu.) Wananchi walishtuka, wakadai hesabu huru, na Wizara ya Nishati ikailipia huku jopo la wananchi likiisimamia. Timu ya mwanasayansi wa mionzi John Till ilirudia hesabu na 2000 ikapendekeza 35.

Fomula hazikutofautiana sana kama makisio. Nani anaishi pale mwaka mzima? Upepo unainua vumbi kiasi gani? Na nyasi zikiungua, zile zilizokuwa zimeushika udongo, vumbi hilo huongezeka mara ngapi? Ukibadilisha majibu ya maswali hayo, 651 haisimami. Mwaka 2003 kiwango cha mwisho kiliwekwa kuwa 50 kwa udongo wa juu, kina cha futi 3, yaani kama sentimita 90.

Usidhani ulikuwa ushindi mtupu. Chini ya hizo futi 3 masharti yalilegezwa, kwa sababu fungu la fedha lilikuwa lile lile. Wananchi walipata uso wa ardhi wakakosa kina, na wapo waliosema biashara hiyo ilikuwa mbaya. Sisi tunaona ilikuwa na mantiki, maana plutoniamu inamuua mtu hasa kwa kuvutwa na pumzi, na vumbi hutoka juu. Lakini wanyama wanaochimba mashimo hawajasoma makubaliano hayo.

*Nimenunua kipimo cha Geiger mtandaoni. Nataka kupima mto Columbia. Nianzie wapi? (Msomaji, Spokane)*

Anza kwa kukiweka kando. Kipimo hicho kitakusomea mionzi ya kawaida ya mazingira, maikrosiveti 0.1 hadi 0.2 kwa saa, ukiwa mtoni au jikoni kwako. Tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, hakiioni kabisa, na strontiamu-90 kwa kiwango cha sheria cha maji ya kunywa (pikokyuri 8 kwa lita) haiwezi kukisogeza. Kisiposogea, haimaanishi maji ni safi.

Unahitaji maabara iliyoidhinishwa. Kwanza waulize wanataka ujazo gani na chupa ya aina gani. Kwa kawaida maji ya kupima urani na strontiamu huingia chupa ya plastiki na kutiwa asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2, ili madini yasigande ukutani. Ya tritiamu huwekwa kando, bila asidi. Chukua sampuli moja juu ya Hanford, kwa mfano penye daraja la Vernita, na nyingine chini yake, siku hiyo hiyo, mahali panaporuhusiwa umma. Ongeza sampuli pacha ya mahali pamoja na chupa moja ya maji yaliyokenekwa, ambayo itakuonyesha kama uchafu umetoka kwenye vyombo vyako. Andika saa, mahali, na kila mkono uliopokea chupa, tena kwa saini. Bila karatasi hiyo hata matokeo mazuri yatatupwa.

Jibu likirudi 0.4 ± 0.5, yaani shaka ya kipimo ni kubwa kuliko namba yenyewe, hujapata kitu. Usilipeleke gazetini.

*Jambo yenu. Urani ya yale mabomu ya kwanza ilitoka kwetu, Shinkolobwe. Mabaki yake yako wapi, na mbona sisi hatuna hiyo bodi ya ushauri? (Baba K., Likasi)*

Baba K., mabaki tunaweza kukuonyesha. Edgar Sengier wa kampuni ya Wabelgiji ya Union Minière alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe ya mgodi wa Shinkolobwe hadi New York 1940, kabla jeshi la Marekani halijayaulizia. Yalikuwa mawe tajiri kupita yote. Mengine yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani. Urani ilipochujwa, radiamu, metali yenye mionzi mikali, ilibaki kwenye tope, wastani wa pikokyuri 520,000 kwa gramu. Na kampuni ile haikuuza radiamu hiyo: ilibaki mali yake, kwa hiyo Wamarekani walitunza tope kama anayemwekea mtu mzigo.

Sehemu moja iko Lewiston, jimbo la New York, chini ya kifuniko cha muda. Wakazi walisukuma iondolewe na mpango uliochaguliwa ni kuichimba na kuipeleka nje. Sehemu nyingine ilikaa Fernald katika maghala mawili ya zege, na ndiyo ile kali ambayo kamati ilitaka iondoke: iligandishwa kwa saruji ikapelekwa Andrews, Texas. Majirani wa Ohio waliketi mezani kuamua hatima ya udongo wa Katanga. Walioishi juu ya shimo lenyewe hawakuitwa, na hilo hatulipambi.

Marekani kuna bodi kwa sababu kuna sheria, mwenye taka anayejulikana, na fungu la fedha. Kwenu mgodi ulifungwa rasmi 2004, watu wakaendelea kuchimba kobalti, na Julai mwaka huo sehemu yake ikaporomoka na kuua. Mnachoweza kuanza nacho ni daftari: nyumba gani zimejengwa kwa mawe au mchanga wa mgodi, visima gani viko chini ya mteremko, nani analala wapi. Msipige picha za watu, pigeni za kuta. Mawe mazito yenye rangi ya kijani kali, manjano au machungwa yasiingie ndani, hata kama ni mazuri, wala watoto wasiyachezee. Magunia yaliyobeba madini msiyatumie kwa unga.

Kisha andikeni kwa taasisi yenu ya kinga dhidi ya mionzi Kinshasa, nakala kwa viongozi wa eneo lenu na kwa chuo kikuu Lubumbashi, mkiomba kitu kimoja kinachopimika badala ya kuomba msaada kwa ujumla. Ombeni kipimo cha radoni, gesi inayotoka kwenye radiamu. Kifaa chake ni kidogo kama kifuniko cha chupa, hakitumii umeme. Kiwekwe chumba anacholala mtoto, mbali na dirisha, urefu wa mita moja, miezi mitatu, mlango ukifunguliwa na kufungwa kama kawaida ya nyumba. Kikisoma zaidi ya bekereli 300 kwa mita ya ujazo, fungueni tundu la hewa upande wa chini na la pili upande wa juu wa ukuta wiki hiyo hiyo, hata kabla barua haijajibiwa, na kipimo kirudishwe palepale kwa miezi mitatu mingine.